Karo ya Ziada Imfuate Mwanafunzi Mpaka Amalize

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Suna



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo lililozusha maneno mengi mwaka huu. Imependekezwa kwamba mchango wa elimu wa kila mwanachama uongezwe, kwa kuwa gharama za vyuo vikuu zimepanda. Wako waliokubali mara moja. Wako pia waliosimama wakasema kwamba hawatatoa hata senti moja ya ziada mpaka waelezwe ile ya kwanza ilifanya kazi gani. Sisi tunaoshika daftari hatukuchukizwa na neno hilo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mwanachama aulizaye habari za mali yake atusaidia kuitunza.

Basi twataka kwanza kueleza tuliyoyaona katika daftari zetu, na yaliyotokea katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki tangu vilipoanza kutoza karo ya ziada. Kisha ninyi wenyewe mtaamua. Maoni yetu ni haya: shilingi ya ziada yastahili kuitwa shilingi ya elimu pale tu inapomfuata mwanafunzi mpaka siku anayomaliza masomo yake.

Mwajua desturi yetu. Barua za kuitwa chuoni zifikapo, kijiji chote huwa na shangwe. Chai hupikwa, kuku huchinjwa, bakuli huzungushwa, na kijana hupanda basi katika stendi ya Migori akiwa na sanduku jipya na godoro lililofungwa kamba. Siku hiyo ndiyo fedha zetu nyingi hutoka. Tulipozisoma daftari za miaka iliyopita, tuliona kwamba karibu malipo yote ya elimu yameandikwa katika mwaka wa kwanza wa kila mwanafunzi. Katika mwaka wa pili maandishi ni machache. Katika mwaka wa tatu na wa nne kurasa ni nyeupe.

Weupe huo una habari ndani yake. Yuko kijana wetu mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alifika mwaka wa tatu, akapatikana na deni la karo, akazuiwa kufanya mtihani. Deni lenyewe lilikuwa dogo kuliko bei ya mtamba mmoja katika mnada. Alirudi nyumbani akasema kwamba atakwenda tena muhula ujao, kisha akashuka katika machimbo ya dhahabu ili atafute fedha hizo. Miaka ikapita. Sisi hatukumwuliza, naye aliona haya kutuuliza, maana tulikuwa tumekwisha kumchezea ngoma.

Yuko na binti yetu mwingine. Huyu karo yake ililipwa yote, wala hakudaiwa kitu. Lakini darasa lake lilikuwa limejaa hata wengine wakisikiliza wakiwa nje ya dirisha. Alianguka katika hesabu mwaka wa kwanza, akarudia, akaanguka tena. Hakujua kwamba angeweza kubadili somo, wala ni nani wa kumwendea. Alipotuambia, muda wa kubadili ulikuwa umepita. Kijana yule alikosa fedha kidogo. Binti huyu alikosa mtu wa kumwonyesha njia. Wote wawili waliingia chuoni kwa vigelegele, na wote wawili wakatoka kimya kimya. Ndugu zetu, ikiwa twaongeza mchango, yafaa tujue kama nyongeza hiyo ingewafikia wawili hawa.

Kusaidiana kwa ajili ya masomo ya juu si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alifanya mpango wa ndege ya kuwapeleka wanafunzi Marekani, na ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Kufikia mwaka 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo walikaribia 800. Vyuo vya huko vilitoa nafasi, na wafadhili walilipa nauli, lakini fedha za matumizi zilichangwa na jamaa na majirani. Wazee wetu walikwisha kuelewa tangu wakati ule kwamba kumfikisha mtu mlangoni ni kazi moja, na kumtunza akiwa ndani ni kazi nyingine.

Baadaye serikali zilianza kuona uzito wa kulipia kila kitu. Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kiliwasomesha viongozi wengi wa Afrika Mashariki, kilifungua mlango mwaka 1992 kwa wanafunzi wa kujilipia wenyewe. Kabla ya mwaka 2000 waliojilipia walikuwa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Hapana budi tuseme haki: fedha hizo zilileta mema. Majengo yaliyochakaa yalitengenezwa, na walimu waliongezewa kipato, hata wengi hawakulazimika kukimbilia kazi nyingine mchana ili wapate kula usiku. Lakini wanafunzi waliongezeka upesi kuliko vitabu, viti na walimu. Profesa Mahmood Mamdani alitoa kitabu mwaka 2007 juu ya mambo hayo, akaonyesha jinsi idara za chuo hicho zilivyoshindana kuwavuta walipaji, hata masomo yakafanana na bidhaa sokoni.

Hapa Kenya Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1998, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Aliyepata alama ya C+ lakini hakufikia kiwango cha kuchukuliwa na serikali aliweza kuingia kwa kujilipia gharama kamili. Mwenzake aliyelipiwa na serikali alitozwa karo ya shilingi 16,000 tu kwa mwaka. Wazazi wengi wa sehemu hizi waliuza ng'ombe, wakakopa katika vyama vya akiba, wakalipa. Wengi wa watoto hao walihitimu, nao leo ni walimu, wauguzi na wahasibu. Hatutaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba twadharau mpango uliowafungulia mlango.

Lakini tuulize swali la karani. Fedha ile ya ziada iliandikwa katika safu gani? Sehemu kubwa iliingia katika matumizi ya kila siku: mishahara, malipo ya wahadhiri wa muda, majengo, na matawi yaliyofunguliwa katika miji mbalimbali. Hayo yote yalikuwa na haja. Lakini chuo kikizoea kula fedha ya wageni kama chakula cha kila siku, siku wageni wasipokuja watoto wa nyumbani hulala na njaa.

Na siku hiyo ilifika. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, zaidi ya wanafunzi 165,000 walipata C+ na kuendelea. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipozuiwa kwa ukali, idadi hiyo ilishuka chini ya 90,000. Serikali ikaweza kuwachukua wote waliofikia alama hiyo, na wengine ikawapeleka hata katika vyuo vya binafsi. Wa kujilipia wakawa haba. Vyuo vilivyokuwa vimeitegemea karo yao vikaingia katika madeni ya mabilioni ya shilingi, na wahadhiri wakagoma mara kwa mara. Mwanafunzi, ambaye fedha ile ilikusanywa kwa jina lake, alikuta darasa limejaa vile vile na mshauri hayupo vile vile.

Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mwingine. Badala ya karo moja kwa wote, kila mwanafunzi apimwe hali ya kwao, kisha apewe ufadhili na mkopo kwa kadiri ya haja yake, na jamaa yake ilipe sehemu iliyobaki. Kufikia mwaka 2024 palikuwa na makundi matano. Jamaa ya kundi la kwanza, walio maskini kabisa, ilipaswa kulipa asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Tuchukue mfano wa somo la gharama ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Jamaa ya kwanza hulipa 10,000, na ya tano hulipa 80,000. Wazazi wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi lisilo lao, kwa kuwa mwenye mshahara mdogo na jamaa kubwa aweza kuonekana tajiri katika karatasi. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo haukupatana na Katiba, na serikali ikakata rufani.

Sisi hatukusoma sheria, na maneno ya mahakama twawaachia wenyewe. Hata hivyo twaona kwamba katika mipango yote hii, tangu 1998 mpaka sasa, ubishi mkubwa umekuwa juu ya nani alipe na kiasi gani. Ni mara chache tumesikia watu wakibishana juu ya kile ambacho mwanafunzi atakipata kwa nyongeza hiyo, na ni wangapi kati ya walioingia watatoka na shahada.

Wengine mtauliza kama liko mahali ambapo jambo hili lilifanywa kwa njia nyingine. Liko, nasi tutawataja watu wa mbali kidogo ili tujifunze kwao. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, nchini Marekani, kilianza kuongeza karo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wenyeji wa jimbo waliongezewa dola 250 kila mwaka, hata nyongeza ikafika dola 1,000 katika mwaka wa nne, na waliotoka nje ya jimbo waliongezewa mpaka dola 3,000. Lakini kazi ya fedha hizo ilitajwa mapema: kuwasaidia wahitaji, kuajiri walimu katika masomo yaliyojaa, na kuweka washauri wa wanafunzi. Wanafunzi wahitaji waliotoka katika jamaa zenye pato la chini ya dola 80,000 kwa mwaka walipewa msaada wa kuifidia nyongeza, ili mzigo usiwaangukie. Tena wanafunzi wenyewe walikaa katika mabaraza yaliyotoa maoni juu ya mapendekezo yapi yapewe fedha.

Katika nchi ya Uingereza, karo ilipopandishwa mwaka 2012 hata kufikia pauni 9,000, chuo kilichotaka kutoza zaidi ya pauni 6,000 kilipaswa kwanza kutoa hati ya kueleza jinsi sehemu ya ziada ile itakavyowasaidia watoto wa wasiojiweza kuingia na kumaliza. Watu walikasirikia karo hiyo, na walikuwa na sababu. Hata hivyo hati ilikuwapo, na mtu aliweza kuisoma na kuuliza.

Mfano wa tatu umetugusa zaidi, kwa sababu ya kijana wetu wa machimboni. Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, mjini Atlanta, kiliona kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakiondolewa kwa ajili ya madeni madogo hali wamekaribia kumaliza. Tangu mwaka 2011 kikaanza kuyalipa madeni hayo kwa ruzuku ndogo, bila kungoja mwanafunzi aombe. Kiliongeza pia washauri waliofuatilia alama za kila mmoja, ili anayeyumba aitwe kabla hajaanguka. Mwaka 2003 katika kila wanafunzi 100 walioingia humo, 32 tu ndio waliomaliza katika muda wa miaka sita. Baadaye idadi hiyo ilipita 50. Kila aliyebaki aliendelea kulipa karo, hivyo chuo chenyewe hakikupata hasara.

Twajua kwamba Suna si Atlanta, na shilingi si dola. Mzee mmoja alituambia katika mkutano wa Halmashauri kwamba mifano ya matajiri haimfai mtu anayenunua sukari kwa kijiko. Ni kweli, hatuwezi kujenga vitu vikubwa kama vyao. Lakini kulipa deni dogo kwa wakati, kumwuliza mwanafunzi hali yake kila muhula, na kuandika fedha ilikokwenda, hayo hayahitaji utajiri. Yahitaji daftari na mtu mwaminifu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Jambo la kwanza lawahusu wakuu wa vyuo wanakosoma watoto wetu, na cha karibu nasi ni Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati yake mwaka 2016 na kilichomo katika kaunti yetu wenyewe. Chama kiwaandikie barua ya adabu, chenye kuuliza na kisicho na lawama, maswali matano. Karo inapoongezwa, nyongeza hufanya kazi gani? Ni walimu wangapi wameongezwa katika madarasa ya mwaka wa kwanza? Mwanafunzi anayeanguka huitwa na nani? Uko mfuko wa madeni madogo kwa wanaokaribia kumaliza? Na katika kila mia walioingia, ni wangapi waliohitimu? Swali hilo la mwisho ndilo mama wa yote. Mkulima hajisifu kwa mbegu alizopanda. Hungoja gunia lipimwe.

Jambo la pili latuhusu sisi wenyewe, kwa maana si haki kudai hesabu za wengine na huku zetu zina kurasa nyeupe. Ikiwa mchango utaongezwa, twaomba uwe na masharti haya. Katika kila shilingi kumi za elimu, sita zitolewe wakati wa kuingia, na nne ziwekwe kwa ajili ya mwaka wa pili na kuendelea. Sehemu ya hizo nne iwe mfuko wa madeni madogo, na mwanafunzi aliyezuiwa mtihani ajibiwe katika siku saba, bila kungoja mkutano mkuu. Kila mwanafunzi apewe mlezi mmoja kati ya wanachama waliomaliza chuo, ambaye atampigia simu angalau mara moja kwa mwezi na kumwuliza juu ya masomo kabla ya kumwuliza juu ya fedha. Kila muhula mwanafunzi alete matokeo yake, si ili aaibishwe, bali ili tujue mapema. Na kila mwaka kijitabu hiki kichapishe hesabu ya walioingia, walioendelea, waliosimama na waliomaliza. Asiyeridhika na hesabu hiyo awe na haki ya kuzuia mchango wake wa ziada mpaka aelezwe.

Tumeulizwa pia juu ya wanachama wasioweza kuongeza kitu. Mjane anayeuza samaki sokoni asihesabiwe sawa na mwenye mshahara wa serikali. Jambo tunalolilalamikia katika makundi yale matano tusilitende sisi hapa. Aliye na uwezo aongeze, asiye nao abaki palepale, na mtoto wake asipunguziwe msaada kwa ajili hiyo.

Bwana Mwenyekiti, twakaribia mwisho. Kabla ya mkutano huu tulikwenda kumwona kijana yule wa machimboni. Tulimkuta amekaa juu ya mawe, mikono yake imejaa vumbi, na simuni mwake alikuwa bado ameweka barua yake ya kwanza ya kuitwa chuoni. Tulimwuliza kama angependa kurudi. Hakujibu upesi. Kisha alituuliza kama Chama bado kinamhesabu kuwa mwanafunzi wake. Tulimwambia kwamba jina lake halijafutwa katika daftari, nalo ni kweli, ila hatukumwambia kwamba mbele ya jina hilo hapajaandikwa kitu kwa miaka mingi.

Yeye na wazazi wake wameturidhia kusema habari hizi. Chuo chake kimekubali kumpokea akilipa deni lake. Basi twauomba Mkutano Mkuu, kabla haujapiga kura juu ya mchango wa ziada, uamue leo kulilipa deni hilo kutoka katika fedha zilizokwisha kukusanywa. Mkilikubali, tutaandika mstari wa kwanza katika ukurasa ule mweupe, na mwakani tutawasomea hesabu yake pamoja na za wenzake. Hapo ndipo mtaweza kupima kama shilingi ya ziada yafaa kutolewa.

Daftari ziko hapa mezani, wazi, kwa kila atakaye kuzisoma.